Miaka Minne ya Kubana Mkojo: Mafunzo Niliyopata

Nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi wilayani Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Niliripoti kazini mwaka 2015, na hadi kufika 2019 nilikuwa nimeugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara tisa kwa hesabu yangu mwenyewe. Mara ya tisa nililazwa siku nne. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa niliyapata kitandani, dirishani pa maabara na pembeni ya mjomba wangu akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

1. Hofu ya choo iliniumiza kuliko choo chenyewe

Choo cha walimu kilikuwa na matundu mawili, hakina maji, na mlango mmoja ulikuwa umeng'oka bawaba. Wiki ya kwanza mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni: "Dada, usichuchumae pale, utaokota UTI." Nikaamini, maana hata nyumbani tulilelewa na maneno hayohayo. Nikajiwekea utaratibu. Asubuhi chai nusu kikombe, mchana maji sigusi, haja ndogo mpaka nirudi nyumbani saa kumi jioni. Kuanzia saa moja asubuhi, hizo ni saa tisa.

Muuguzi aliyenifungua macho aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, unakojoa mara ngapi kwa siku?" Nilipomjibu alitikisa kichwa, akachukua kalamu akanichorea. Bakteria wanaoleta sehemu kubwa ya UTI, wanaoitwa E. coli, makazi yao ni utumbo wetu wenyewe. Hawaruki kutoka shimoni. Wanatoka njia ya haja kubwa, wanatambaa hadi kwenye tundu la mkojo, kisha wanapanda kibofuni. Mwanamke safari hiyo kwake ni fupi mno: mrija wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume unafika kama 20. Ndiyo maana sisi tunaugua zaidi, na ndiyo maana mtoto wa kike hufundishwa kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Kinachowafagia wadudu hao ni mkojo unapopita. Ukiubana kutwa nzima, umewaachia nyumba yenye joto, nao wanagawanyika tu, mmoja wawili, wawili wanne.

Choo kichafu kina madhara yake, kipindupindu na minyoo vinatosha. Lakini UTI yangu haikutoka kwenye sakafu yake. Ilitoka kwenye saa zile tisa.

2. "Una UTI na taifodi" halikuwa jibu

Wengi tumeshapewa karatasi hiyo. Unakwenda na uchovu na kichwa kinachogonga, unatoka na magonjwa mawili na mfuko wa dawa. Mimi nilipewa mara tatu. Mara moja sikuwa hata na maumivu ya kukojoa, ila kipimo kilionesha seli chache za usaha, basi. Na kile kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana, cha Widal, kinaweza kuonesha majibu hata kwa mtu aliyeugua zamani akapona.

Baadaye nilielewa kwamba bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili yoyote, kwa kawaida, hawahitaji dawa. Mjamzito ndiye wa kutazamwa tofauti. Yeye hutibiwa hata asipohisi kitu, kwa sababu kwake wadudu hupanda figoni kwa urahisi na wanaweza kuleta uchungu kabla ya siku zake. Dalili za kibofu nazo ni bayana: mkojo unachoma, unakwenda chooni kila dakika na kinachotoka ni matone, tumbo la chini linauma, mkojo una ukungu au damu.

Kosa langu mimi lilikuwa dukani. Nilikuwa nakwenda kwa muuza dawa nasema, "Nipe sipro za elfu mbili." Nanunua kwa kadiri ya pesa, nameza siku mbili, kuungua kukipoa vidonge vilivyobaki naviweka kwenye droo ya meza kusubiri mara nyingine. Nilijitibu hivyo mara tano, na kila mara niliamini nimepona.

3. Homa ya kutetemeka ikija na maumivu ya ubavuni, usisubiri asubuhi

Mara ya tisa ilianza usiku wa Jumapili. Nilianza kutetemeka hadi kitanda kikalia. Mume wangu alinifunika mablanketi mawili akidhani ni malaria. Nikatapika. Upande wa kulia, chini ya mbavu za nyuma, palikuwa panauma kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, na nikigeuka maumivu yananifuata.

Tulifika hospitali saa kumi alfajiri kwa bodaboda. Daktari kijana alinipima joto, akaninyooshea mgongo, akaweka kiganja chake ubavuni na kukigonga taratibu kwa ngumi ya mkono wa pili. Nilipiga yowe. Hakuniuliza zaidi. "Hii imeshapanda kwenye figo, mama," alisema. Sindano za mshipani zilianza kabla jua halijachomoza, lakini kabla ya sindano ya kwanza aliagiza jambo ambalo katika mara zote nane zilizotangulia hakuna aliyewahi kuniagiza: mkojo wangu ukaoteshwe.

4. Kopo la mkojo lina adabu yake

Mzee wa maabara alilitazama kopo nililomletea, akalirudisha dirishani. "Huu ni mkojo wa mwanzo, mwanangu. Huu utaniotesha wadudu wa ngozi yako." Nikiwa na dripu mkononi, mume wangu amenishikia chupa yake juu, alinielekeza kama anayefundisha mtoto kuandika. Nawa mikono. Jisafishe kwa maji. Acha mkojo wa kwanza uende zake, kinga wa katikati, wa mwisho uache nao uende. Usiguse ndani ya kopo wala mfuniko. Kisha lete sasa hivi, maana mkojo ukikaa kwenye joto kwa zaidi ya saa moja au mbili, wadudu wachache wanakuwa wengi na majibu yanadanganya.

Kuotesha ni kupanda. Wanaumwaga mkojo kidogo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, wanaiweka kwenye joto kama la mwili, na kesho yake wanatazama kilichoota. Halafu wanakijaribu kwa dawa mbalimbali kuona ipi inakiua. Siku ya tatu nililetewa karatasi. Juu iliandikwa E. coli. Chini, orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi moja: R maana yake wadudu ni sugu, S maana yake dawa bado inawaua.

Ampisilini, R. Septrini, R. Sipro, R.

Niliisoma karatasi ile mara nyingi. Dawa zote tatu nilikuwa nimezimeza, nusunusu, kwa miaka minne. Mama yangu alikuja kuniona jioni hiyo na nilishindwa kumweleza kwa nini nalia ilhali homa imeshuka. Nilikuwa naona kila kidonge nilichoacha kwenye droo.

Seftriaksoni niliyokuwa nachomwa ilikuwa na S, nashukuru. Nitrofurantoini nayo ilikuwa na S, na nilimuuliza daktari kwa nini asinipe hiyo ya kumeza nikarudi nyumbani. Akanieleza: dawa hiyo hukusanyika vizuri kwenye mkojo, ndiyo maana kwa kibofu inafaa sana, na dozi yake mara nyingi ni siku 5. Lakini kwenye nyama ya figo haifiki kwa kiasi cha kutibu. Ugonjwa wa kibofu na ugonjwa wa figo vinaitwa UTI vyote, lakini tiba si moja. Muuza dawa asiyekupima atajuaje uko upande gani?

5. Si ugonjwa wa fumanizi

Hili nalisema kwa kifupi kwa sababu limevunja nyumba ninazozijua. UTI si zinaa. Tendo la ndoa linaweza kusukuma bakteria wa mwanamke mwenyewe kuelekea kibofuni, hata kama wote wawili ni waaminifu, na kwenda haja ndogo baada ya tendo husaidia. Kisonono na klamidia nazo huchoma wakati wa kukojoa, kwa hiyo jibu ni kupima, na si kunyoosheana vidole. Na mwanamume akipata UTI, achunguzwe zaidi ya kupewa vidonge, maana kwake huenda kuna kitu kinazuia mkojo, kama tezi dume iliyovimba au jiwe.

6. Damu kwenye mkojo, kwa watu wa huku kwetu, ina maelezo mengine

Mwaka 2020 mvulana mmoja wa darasa langu aliandikiwa antibayotiki mara mbili kwa sababu ya mkojo wa damu. Haukukoma. Nilimwita nje nikamuuliza damu inatoka mwanzoni au mwishoni. "Mwishoni, mwalimu. Wenzangu pia." Wenzake walikuwa wanaiona ni dalili ya kukua.

Kilikuwa kichocho. Watoto hawa huchunga ng'ombe, huogelea kwenye malambo na kupandikiza mpunga wakiwa wamezama hadi magotini, na konokono wa maji hayo ndio wanaotoa vijidudu vinavyopenya ngozi. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yao hutoboa ukuta wa kibofu yakitafuta njia ya kutoka. Antibayotiki hata iwe ya bei gani haiwagusi. Dawa yake ni prazikwanteli. Ikiachwa miaka, kibofu kinaota makovu, mirija inaziba, mkojo unarudi nyuma na kuharibu figo, na saratani ya kibofu inaweza kufuata. Kwa wasichana mayai huweza kuweka vidonda ukeni, nao wakaja kusingiziwa zinaa.

Siku ya kugawa dawa shuleni, mtoto husimama kando ya mti wenye alama, urefu wake unaonesha idadi ya vidonge. Yule mvulana alisimama wima, akainua kidevu ili aonekane mrefu. Nilimshusha kidevu kwa kidole, akameza vitatu.

7. Figo zinazokufa hazina kelele

Baada ya kulazwa, kiuno kikiuma kidogo nilikuwa nasema figo zangu zimekwisha. Mjomba ndiye aliyenionesha kinyume chake. Alikuwa fundi ujenzi, hajawahi kuugua UTI. Alikuwa na presha. Alipewa vidonge, akaviacha kwa sababu hakuhisi kuumwa, na kwa maumivu ya mgongo ya kubeba matofali alikuwa anameza diklofenaki karibu kila siku. Presha na kisukari ndivyo vinavyoongoza kuua figo, na dawa za maumivu za aina hiyo zikizoeleka huzimalizia. Alipoanza kuvimba miguu, kuwashwa mwili na kukinai chakula, kipimo cha damu cha kriatinini kilionesha kwamba figo zake zilikuwa zimebakiwa na kazi kidogo mno. Maumivu ya figo hakuwahi kuyapata hata siku moja.

Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Nilikuwa nampeleka siku za Jumamosi. Damu yake ilitoka kwa mrija mmoja, ikapita kwenye chujio lenye umbo la chupa nyembamba, ikarudi kwa mrija wa pili, na mrija ukikugusa mkono unasikia joto lake. Watu walikuwa wanamshauri anywe maji mengi yasafishe figo. Mimi nahitaji maji mengi. Yeye yalikuwa yanaweza kumuua, kwa sababu hakuwa na pa kuyatolea, yangejaa mapafuni. Alikuwa na kikombe kimoja cha plastiki, kina mstari wa kalamu, hicho ndicho kipimo chake cha kutwa. Kwenye joto la Oktoba nilimwona akilowesha kitambaa na kujipangusa midomo. Ndizi na machungwa alikatazwa, kwa ajili ya potasiamu ambayo figo zake hazikuweza tena kuitoa na ambayo ikizidi husimamisha moyo.

Tulizungumza habari za kupandikiza. Muhimbili walifanya upandikizaji wao wa kwanza wa figo Novemba 2017, kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakisafirishwa India. Binti yake alijitolea bila kusita, lakini vipimo vilimkuta naye ana presha, wakamkatalia. Hakuwa akijua. Ana miaka 31, na sasa anameza vidonge vyake kila asubuhi.

Mjomba aliishi na mashine ile miaka miwili na miezi mitano.

8. Ruhusa ya kwenda nje

Tangu 2019 nimeugua UTI mara moja, ya kibofu tu, nikapima, nikamaliza dozi. Chupa ya maji iko mezani pangu darasani na naenda chooni kila baada ya vipindi vitatu. Kamati ya shule ilichangisha mabati na bawaba. Matundu bado hayatoshi, kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na sisi hatujafika, lakini yaliyopo yana milango na kuna ndoo ya maji nje.

Zamani mwanafunzi akinyoosha kidole kuomba kutoka, nilikuwa namjibu, "Subiri mapumziko." Wasichana wa darasa la sita walikuwa wameshajifunza kutoomba. Nilipowaambia kuwa kwangu hakuna tena haja ya kuomba, atakayebanwa ainuke aende, wiki nzima hakuinuka mtu. Jumatatu iliyofuata, katikati ya hesabu za sehemu, msichana wa dawati la nyuma alisimama, akanitazama, akatoka. Niliendelea kuandika ubaoni.