Dondoo muhimu: Mazoezi kwenye kalenda ya ukutani

Si lazima uwe na saa ya kisasa ili ujue kama unafanya mazoezi ya kutosha. Kalenda na kalamu vinatosha.

1. Andika dakika tu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa mfano dakika 30 kila siku kwa siku 5.

2. Kazi nayo ihesabu. Kulima kwa jembe, kuendesha baiskeli au kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka ni mazoezi.

3. Pima kwa pumzi. Mahali pa juu pumzi huisha upesi: mji wa Sumbawanga, kwa mfano, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Dar es Salaam atahema mapema huko. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi hiyo inafaa.

4. Fuata majira. Sumbawanga, asubuhi za Juni na Julai baridi ni kali, hivyo hamishia mazoezi jioni. Masika, ruka kamba ndani.

5. Jumlisha dakika kila Jumapili. Ukikosa siku, usijikomoe kwa kufanya maradufu. Wiki ijayo ongeza dakika 10.