Dondoo muhimu: Fundi akikatwa na msumeno

Mwajiri wa Mbwara, hata kama karakana yako ya mbao ina vijana watatu tu, sheria inakuhusu. Kwanza okoa mtu: funga jeraha, tafuta gari, mpeleke hospitali ya Utete. Nauli usimwachie yeye.

Toa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7. Hapa ndipo wengi hukosea: humpa majeruhi elfu hamsini na kumrudisha kwao kimya kimya. Pesa hiyo haifuti haki yake. WCF, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hugharamia matibabu na kulipa fidia. Mchango ni wa mwajiri peke yake; usimkate mfanyakazi hata senti.

Siku ileile andika saa, mashine iliyohusika na majina ya waliokuwapo.

Asirudi kazini bila kauli ya daktari. Aliyepoteza vidole bado anaweza kupima mbao, kuhesabu mzigo, kutunza stoo. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri ajitahidi zaidi kumtafutia kazi inayomfaa, jeraha likiwa limetokana na kazi yenyewe. Na msumeno ule uwekewe kinga kabla mwingine hajaushika.