Kamyo ya kooperative: makaratasi yasiitangulie

Wandugu wa Buluo,

Kamyo nyingi zinazonunuliwa ng'ambo zinashukia Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia, halafu zinapanga mstari Kasumbalesa. Kila kituo kinaweza kula siku. Lakini mahindi yaliyovunwa hayangojei, na mbolea inapaswa kufika mbele ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Juu ya hiyo, tufanye hivi:

1. Mkataba uonyeshe tarehe ya mwisho na malipo ya kuchelewa. Sehemu ya franka ibaki kwetu mpaka kamyo ifike.

2. Statuti na maandiko ya mkutano uliochagua mwenye kusaini tuyatayarishe mapema. Plake na karte roze zitoke kwa jina la kooperative, hapana la prezidenti. Sheria ya OHADA ya 2010 inaruhusu kooperative iliyoandikishwa kuwa na mali yake.

3. Muuzaji akisema tulipie plake na asiransi sasa, tungoje. Asiransi inahesabiwa toka tarehe iliyoandikwa, hata kama kamyo ingali mpakani. Namba ya shasi tuisome kwenye kamyo yenyewe, tuilinganishe na fakitire na karatasi ya duane, njo tulipie. Namba moja ikikosewa, kamyo itasimamishwa barabarani na mzigo juu.

4. Tupatane mapema bei ya kamyo ya kukodi, mavuno yasitukute mikono mitupu.

Kwenye mkutano ujao, leteni mkataba wenu. Tuusome pamoja mbele ya kusaini.