SOMO LA 12: KWA NINI UKWAJU HUTIWA MWISHO?

Munisagara ni kituo cha Reli ya Kati katika bonde la mto Mkondoa, magharibi ya mji wa Kilosa. Katika wilaya ya Kilosa wakulima hupanda mbaazi, mara nyingi pamoja na mahindi katika shamba moja. Kule Ilonga, katika wilaya hiyo hiyo, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimetoa aina bora za mbaazi.

Mbaazi nyingi za Tanzania huuzwa India. Mwaka 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazonunuliwa kutoka nje. Bei ilishuka sana, na wakulima wengi walibaki na mbaazi zao. Lakini mbaazi si zao la kuuza tu. Ni chakula cha kujenga mwili. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini ipatayo gramu 20. Unga wa mahindi wa uzito huo una protini ipatayo gramu 8 tu. Tena, protini ya mbaazi na ile ya mahindi hukamilishana. Mtoto asiyepata protini ya kutosha hudumaa.

Watu wa kusini ya India hupika mbaazi zilizopasuliwa pamoja na mboga, ukwaju na viungo. Mchuzi huo huitwa sambari, nao huliwa kwa wali. Sisi tunaweza kuupika kwa mbaazi nzima na mboga za bustani zetu.

Namna ya kupika

1. Jioni, chagua mbaazi vikombe viwili, uzioshe na kuziloweka. Mbegu kavu hunyonya maji na kuvimba. Kesho yake zitaiva upesi kuliko zisizolowekwa, nawe utaokoa kuni.

2. Mwaga maji ya kulowekea. Chemsha mbaazi katika maji mapya hadi zilainike, kisha uziponde kidogo kwa mwiko. Maji yakisha kuchemka, punguza moto. Maji yanayochemka yana joto la karibu nyuzi 100 za Sentigredi. Ukiongeza kuni, joto hilo halizidi. Maji hugeuka mvuke upesi zaidi, na kuni hupotea bure.

3. Tia bizari ya manjano, chumvi na mboga zilizokatwa, kama vile bilinganya, karoti na bamia. Maganda machanga ya mlonge hufaa pia. Usipike mboga mno, kwa maana joto huharibu vitamini C.

4. Mboga zikikaribia kuiva, tia nyanya na maji ya ukwaju yaliyochujwa. Acha mchuzi uchemke kidogo.

5. Pasha mafuta kidogo katika kikaango. Tia haradali, ufunike. Haradali zitapasuka na kurukaruka, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Tia kitunguu na giligilani ya unga, ukoroge, kisha umimine vyote katika mchuzi. Harufu ya viungo huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji.

Sababu ya kuchelewesha ukwaju

Mbegu imejengwa kwa seli nyingi ndogo sana. Seli hizo zimeshikamana kwa kitu kilicho mfano wa gundi. Maji ya moto huyeyusha gundi hiyo, seli zikaachana, na mbegu ikalainika. Ukwaju una asidi, ndiyo maana ni mchachu. Asidi huzuia gundi isiyeyuke upesi. Basi ukitia ukwaju mwanzoni, mbaazi zitakaa motoni muda mrefu na bado zitakuwa ngumu. Nyanya, ndimu na siki zina asidi vilevile.

Magadi hufanya kinyume chake. Huharakisha kulainika kwa mbegu, na kwa hiyo wapishi wengi huyatumia. Lakini magadi huharibu vitamini B1 iliyomo katika mbaazi. Kuloweka ni njia bora zaidi.

Jaribio

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu au mzazi. Chukua makopo matatu yaliyo sawa. Tia katika kila kopo mbaazi 20 zilizolowekwa na kikombe kimoja na nusu cha maji. Kopo A liwe na maji matupu. Katika kopo B tia kijiko kimoja cha ukwaju. Katika kopo C tia magadi kidogo, nusu ya kijiko cha chai. Yachemshe yote juu ya moto ulio sawa. Maji yakipungua, ongeza kiasi kile kile katika kila kopo. Baada ya dakika 30, toa mbaazi moja katika kila kopo, uibonyeze kwa kijiko. Rudia kila baada ya dakika 10. Andika katika daftari ni kopo lipi lililolainika kwanza, na lipi mwisho. Usile mbaazi hizi.

Maswali

1. Kwa nini makopo yote matatu yalitiwa mbaazi na maji kwa kipimo kimoja?
2. Mtu amepika maharagwe pamoja na nyanya tangu mwanzo, nayo hayakuiva upesi. Eleza sababu.
3. Taja njia mbili za kuokoa kuni unapopika mbaazi.
4. Uliza nyumbani kwenu: nyanya au ukwaju hutiwa wakati gani, na kwa nini?