Dondoo muhimu: Kipupwe cha Lushoto kwa familia ya Bugarama, Ngara

Theluji ya kuteleza hatuna. Iliyopo iko juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Lakini kipupwe cha Juni hadi Agosti kinatosha kuwapa watoto likizo ya baridi huko Lushoto, milima ya Usambara.

• Safari si ya siku moja. Utapita Kahama, Singida, Babati na Arusha hadi Mombo. Ukilala Moshi, waamshe watoto alfajiri waone Kibo kabla ya mawingu.

• Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona. Anayetapika garini akae mbele na ale kidogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo beba kopo lenye mfuniko. Kopo, si chupa. Shabaha ya mtoto kwenye kona unaijua.

• Sisi wa Ngara hujidai baridi tumeizoea. Subiri usiku wa Julai! Nunua mapema mtumbani: soksi nzito, sweta, kofia ya kufunika masikio.

• Jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani, hata likibaki makaa mawili mekundu. Sumu yake haina harufu wala rangi, na inaua watu usingizini.

• Irente, karibu na Lushoto, ni ukingo wa jabali. Shika mkono wa mtoto kwanza, simu ya picha baadaye. Ukungu ukitanda, nendeni shambani Irente mkale mkate na jibini mpaka upande wa Mazinde, chini ya jabali, ufunguke.