Chunusi za Watu Wazima: Matunzo ya Ngozi na Matumizi Sahihi ya Dawa za Kupaka

Chunusi si maradhi ya vijana pekee. Wanawake na wanaume wengi huendelea kuzipata wakiwa na miaka 30 au 40, na wengine huanza kuzipata ukubwani kwa mara ya kwanza. Kwa watu wenye ngozi nyeusi tatizo huwa na sehemu mbili: chunusi yenyewe, na doa jeusi linalobaki baada ya chunusi kupona. Mara nyingi doa hilo humsumbua mtu kuliko chunusi, na hapo ndipo baadhi ya watu hukimbilia krimu za kujichubua, ambazo huleta madhara makubwa zaidi. Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi chunusi zinavyotokea, jinsi ya kuzitibu kwa utaratibu nyumbani, na wakati wa kumwona daktari hapa Uingereza.

Chunusi hutokeaje?

Ndani ya ngozi mna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi na nywele. Mafuta hayo hutoka nje kupitia vitundu vya vinyweleo. Tezi zikitoa mafuta mengi mno, na seli za ngozi zilizokufa zikajikusanya mdomoni mwa kitundu, njia huziba. Vijidudu ambavyo kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila madhara hustawi ndani ya kitundu kilichoziba, ngozi huvimba, na chunusi hutokea.

Tezi hizo huongozwa na homoni. Ndiyo maana wanawake wengi huona chunusi zikiongezeka siku chache kabla ya hedhi, hasa kidevuni na kwenye taya. Mwanamke ambaye hedhi yake haina mpangilio, au anayeota nywele nyingi usoni, amweleze daktari jambo hilo, kwa kuwa mvurugiko wa homoni unaweza kuwa ndio chanzo.

Chunusi hazisababishwi na uchafu wala “damu chafu”, na haziambukizi. Kuusugua uso kwa dodoki, chumvi au maji ya limau hakuzibui vitundu. Huichubua ngozi, huongeza uvimbe na huacha madoa zaidi. Dawa ya meno nayo si dawa ya chunusi.

Utaratibu wa kila siku

Utaratibu mzuri ni mfupi, na nguvu yake ni kufuatwa kila siku.

1. *Kuosha uso mara mbili kwa siku.* Maji yawe ya vuguvugu, na sabuni iwe ya majimaji, laini, iliyotengenezwa kwa ajili ya uso. Sabuni ya kufulia na sabuni kali za mche hukausha ngozi. Uso ukaushwe kwa kugusagusa na taulo safi, si kwa kusugua.

2. *Kupaka losheni nyepesi.* Ngozi yenye chunusi nayo huhitaji unyevu, hasa majira ya baridi ambapo vipasha joto hukausha hewa ya nyumba. Ichaguliwe losheni isiyo na mafuta mazito na isiyoziba vitundu vya ngozi. Mfamasia anaweza kuionyesha.

3. *Kujikinga na jua.* Jua huyafanya madoa meusi yakolee na kukawia kufifia. Krimu ya kinga ya jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi hupakwa asubuhi juu ya losheni.

4. *Kuondoa vipodozi kabla ya kulala.*

Anayefanya kazi za usiku asivunje utaratibu huu. Kwake yeye “asubuhi” ni saa anapoamka, na “usiku” ni saa anapokwenda kulala, hata kama ni saa mbili asubuhi.

Mafuta ya nywele yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mafuta ya nazi, siagi ya shea na mafuta mengine mazito yakipakwa kichwani huteremka hadi kwenye paji la uso na kuziba vitundu. Yapakwe mbali na ukingo wa nywele, na kitambaa cha kichwani, mtandio au foronya vifuliwe mara kwa mara.

Chunusi zisiminywe. Kuminya husukuma uvimbe ndani zaidi ya ngozi, na hapo ndipo kovu la kudumu linapoanzia.

Dawa za kupaka

*Benzoili peroksaidi* hupatikana katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari. Hupunguza vijidudu na uvimbe, na husaidia kuzibua vitundu. Ni vyema kuanza na kiwango kidogo, mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, hadi ngozi izoee. Dawa hii hupausha rangi ya nguo, mataulo, mashuka na nywele. Kwa hiyo itumike taulo nyeupe, na dawa iachwe ikauke kabla ya kuvaa au kulala.

*Adapalini* ni ya jamii ya dawa ziitwazo retinoidi. Huzuia vitundu kuziba. Hapa Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari, mara nyingi ikiwa imechanganywa na benzoili peroksaidi. Hupakwa usiku, na huifanya ngozi iumizwe na jua kwa urahisi. Haitumiwi na mwanamke mjamzito wala anayetarajia kushika mimba.

*Asidi ya azelaiki* hutibu chunusi na pia husaidia kufifisha madoa meusi, hivyo huweza kuwafaa watu wenye ngozi nyeusi. Daktari huweza kuiandika pale dawa nyingine zinapoichoma ngozi mno.

Dawa ya kupaka yenye *antibaiotiki* haitumiwi peke yake. Huunganishwa na dawa nyingine ili vijidudu visijenge usugu.

Dawa zipakwe kwenye ngozi iliyokauka, katika eneo lote linalotoa chunusi, si juu ya chunusi moja moja. Kwa uso mzima, kiasi cha punje moja ya njegere ya retinoidi kinatosha. Kuzidisha kipimo hakuharakishi kupona. Huiwasha ngozi tu. Ukavu na mwasho kidogo katika majuma ya mwanzo ni jambo la kawaida. Ukizidi, dawa ipumzishwe siku chache, kisha irudiwe kwa siku chache kwa juma. Macho, midomo na pembe za pua ziepukwe.

Jambo linalowashinda wengi ni kusubiri. Dalili za nafuu huanza kuonekana baada ya majuma kadhaa, na matibabu hupimwa baada ya majuma 12. Anayeiacha dawa katika juma la tatu kwa kudhani kwamba haifanyi kazi huwa ameiacha kabla haijapata nafasi.

Dawa ya mmoja si ya nyumba nzima. Krimu aliyoandikiwa kaka inaweza kuwa na retinoidi, isiyomfaa wifi yake mwenye mimba.

Madoa meusi na hatari ya mkorogo

Doa jeusi si kovu. Ni rangi ya ngozi iliyozalishwa kwa wingi mahali palipovimba, na hufifia lenyewe kwa muda wa miezi kadhaa, mradi chunusi mpya zizuiwe na ngozi ikingwe na jua. Kutibu chunusi mapema ndiko kutibu madoa.

Mkorogo na krimu za kujichubua haziondoi tatizo hili. Nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na mara nyingine viambato hivyo havitajwi kwenye boksi. Uuzaji wa vipodozi vya kujichubua vyenye viambato hivyo umepigwa marufuku Uingereza. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi, na zenyewe husababisha chunusi. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, humdhuru mtoto aliye tumboni, na huweza kuwafikia watoto wa nyumbani kupitia mikono na mataulo.

Aliyekwisha kutumia krimu hizo asione haya kumweleza daktari, na aende na kopo lake. Kuacha ghafla steroidi zilizotumiwa muda mrefu kunaweza kuifanya ngozi iwake na kuvimba. Daktari humwongoza namna ya kuziacha.

Wakati wa kumwona daktari

Mtu amwone daktari wa familia, yaani GP, ikiwa:

- dawa ya dukani haijaleta nafuu baada ya majuma 12;
- ana mapele makubwa yenye maumivu ndani ya ngozi, au makovu yameanza;
- chunusi zimeenea mgongoni na kifuani;
- ni mjamzito, au ananyonyesha, na hana hakika na dawa aliyo nayo;
- hali ya uso wake inamfanya ajitenge na watu, akose usingizi au akate tamaa. Hili ni jambo la afya kama mengine, na daktari anapaswa kuambiwa.

Chunusi kali zikizuka ghafla pamoja na homa na maumivu ya viungo, ushauri utafutwe siku hiyo hiyo kwa GP au kwa kupiga simu namba 111.

Mtu yeyote anayeishi England anaweza kujiandikisha kwa GP na kumwona bila malipo, pasipo kudaiwa hati za uhamiaji wala uthibitisho wa anwani. Mkalimani wa Kiswahili huombwa wakati wa kuweka miadi, na hulipiwi. Mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake. Dawa za cheti cha daktari ni bure Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. England hulipiwa, isipokuwa kwa makundi yenye msamaha: miongoni mwao ni wajawazito na waliojifungua ndani ya miezi 12 wenye cheti cha msamaha, pamoja na wenye cheti cha HC2 kwa sababu ya kipato kidogo.

Siku ya miadi, mgonjwa aende na kila anachopaka usoni: sabuni, losheni, mafuta ya nywele na krimu zote, hata zile zilizoletwa kutoka nyumbani Afrika Mashariki au Uarabuni. Daktari akiviona vyote, atajua kipi kiendelee na kipi kiachwe.