Mbwa Wangu Atavaa Lini Manyoya Yake Kamili?

*Bwana Daktari, naishi Uswisi, nami nina mbwa dume wa jamii ya Bern, umri miezi 9. Alipokuwa kilebu alikuwa kama furushi la sufi. Sasa amepukutika, mgongoni zimebaki singa fupi za kung'aa. Je, ni maradhi? — Mwenye Wasiwasi*

Wasiwasi wako naufahamu, kwani aliyezoea furushi la sufi hushtuka akikuta kiumbe cha miguu mirefu kisicho na haiba. Lakini hali uliyoieleza ni ya ujana, wala si maradhi. Manyoya ya utotoni aghalabu huanza kupukutika baina ya miezi 4 na 6, na yale ya ukubwani hutangulia kujitokeza kama mstari juu ya uti wa mgongo, ndipo yateremke mbavuni. Ama mashungi ya kifuani, mapajani na mkiani huchelewa mno, hata wengi wa mbwa hao wakubwa hawakamilishi vazi lao kabla ya miaka 2, na wengine 3.

Mchane kwa kitana cha chuma mara mbili kwa juma, wala usimnyoe kwa kutaraji kuyaharakisha, maana pengine hurudi vibaya. Mafuta ya nazi, ambayo shangazi zetu huyasifu kwa kila kichwa, hapa hayana kazi.

Ila ukiona ngozi tupu, mabaka mekundu, harufu mbaya au kujikuna usiku kucha, mpeleke upesi kwa daktari wa wanyama. Huenda ni upele au choa, na choa huambukiza hata watu wa nyumbani.